Sauti Iliyopotea Katikati ya Spika Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ovaroli ya mwanamume mrefu, nikakunja miguu yake mara nne, kisha nikakalishwa kwenye stuli mbele ya redio. Ilikuwa karakana ya vyombo vya sauti ya chama cha ushirika, mjini Shinyanga, nyuma ya maghala ya pamba. Nilikuwa na cheti kipya cha ufundi wa redio, na nilidhani kazi ya kwanza itakuwa kufungua kitu kwa bisibisi.

"Hiyo redio inaumwa," alisema Fundi Mkuu. "Niambie inaumwa nini."

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. Nikasikiliza. Mtangazaji alisoma habari, ukapigwa muziki, mama mmoja akaeleza namna ya kulea watoto.

"Ledio hii ni nzima, Mzee," nikasema.

Mafundi wawili waliokuwa dirishani wakaicheka "ledio" yangu ya Kisukuma. Yeye hakucheka.

"Basi kaa nayo."

Nilikaa nayo mpaka saa tisa. Ndipo akaingia mtangazaji mwenye sauti nzito kusoma matangazo ya vifo, na kila aliposhuka chini kutaja jina la marehemu, kitu kidogo kikanguruma ndani ya sanduku, kama nzi aliyefungiwa. Nikamwita Fundi Mkuu nikamwambia sauti nene inakwaruza. Akaifungua. Koni ya spika, ile karatasi ya duara inayosukuma hewa mbele na nyuma mpaka tukasikia, ilikuwa imechanika pembeni, mchaniko mfupi kama ukucha.

"Wenye macho ninao," akasema. "Nilikuwa natafuta mwenye masikio. Kesho saa moja."

Hivyo ndivyo mimi, Nkwimba, binti wa mkulima wa pamba, nilivyoingia katika kazi iliyonilisha mpaka nikawa bibi. Nawaandikia vijana wa ufundi walioniuliza zamani mambo yalikwendaje. Nitaeleza nilivyofundishwa, na nitaeleza pia kosa moja nililofanya uzeeni, nikiwa najiona nimemaliza kujifunza.

Katika karakana ile tulitengeneza ampulifaya, yaani vikuza sauti, na zile spika za bati zenye mdomo kama ua la boga zilizofungwa juu ya magari ya ushirika. Gari lilizunguka vijijini kuwatangazia wakulima siku ya kununua pamba, na likirudi lilirudi na vumbi mpaka ndani ya swichi. Nilijifunza kulehemu, kuunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa, na harufu ya moshi wake ikaniingia kwenye nywele. Mama yangu akawa ananijua nimefika kabla sijabisha hodi. Wengi walikuja karakana kumwona mwanamke mwenye suruali. Baadaye wakawa wanaleta redio zao.

Baada ya miaka sita Fundi Mkuu aliniita ofisini akaniambia nimeazimwa. Misheni ilikuwa na kituo cha kurekodi kwaya, na fundi wao alikuwa amehamia Mwanza. Mkuu wa kituo alikuwa mtawa, na sote tulimwita Sista Mkurugenzi. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kutembea, na aliweza kusikia kinubi kimoja kilicholegea uzi katikati ya waimbaji arobaini.

Pale nilijifunza stirio. Wengi wanaitaja stirio bila kujua maana yake. Ni kwamba muziki unapita njia mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila njia ina spika yake. Ukitaka gita lisikike kulia, unalipeleka zaidi kwenye njia ya kulia. Ukitaka mtu asikike katikati, mahali ambapo hakuna spika yoyote, unampeleka sawasawa njia zote mbili. Masikio yenyewe ndiyo yanayomjengea mahali pa kusimama.

Kituo kile kilirekodi kwaya, lakini Sista Mkurugenzi hakuwafukuza watu wa dansi. Ndiyo sababu ilikuja bendi ya wafanyakazi wa kinu cha kuchambua pamba. Walikuwa saba. Kiongozi alikuwa Kashinje, mpiga gita la solo, kijana mkali asiyependa utani kazini. Mwimbaji alikuwa kaka yake mkubwa, Maduhu, ambaye mchana alifunga marobota ya pamba. Kwa miaka yangu yote kazini sijapata kuweka kipaza sauti mbele ya sauti kama ile. Ilikuwa nene bila kuwa nzito. Alipoimba taratibu ulidhani anakuambia wewe peke yako jambo ambalo wengine hawatakiwi kulisikia.

Siku hiyo walileta wimbo ambao Maduhu alikuwa amemtungia mkewe, aliyejifungua mtoto wa kwanza wiki chache nyuma. Mtoto aliitwa Limi. Katika wimbo ule Maduhu alimwita mkewe "Mama Limi", na mama mwenyewe alikuja kuniambia baadaye kwamba jina hilo alilisikia kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mumewe, akiwa amejifunika kitenge, mtoto kifuani.

Hatukuwa na mashine ya mwangwi. Nikamwomba Meneja wa kinu atufungulie ghala lililokuwa tupu. Nikaweka spika upande mmoja wa ghala na vipaza sauti viwili upande wa pili, nikapeleka sauti ya Maduhu mle ndani, nikanasa ilivyokuwa ikirudi kutoka kwenye kuta. Gita la Kashinje nililiweka kulia, gita la pili kushoto, ngoma zikatawanyika pande zote. Besi na Maduhu nikawaweka katikati.

Sista Mkurugenzi alikuja kusikiliza, mikono ndani ya mifuko.

"Kwa nini umemweka katikati?"

"Ili popote mtu atakapokaa, amwone yuko mbele yake, Sista."

"Na ghala?"

"Ghala liko pande zote, Sista."

Alisikiliza mpaka mwisho. "Usiguse tena," akasema, akatoka.

Miaka ikapita, bei ya pamba ikayumba, kinu kikafungwa. Bendi ikasambaratika. Maduhu alikwenda Mwakitolyo kuchimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, kisha akahamia Katoro na familia. Kifua kikamshika. Alifariki Limi akiwa na miaka minne. Kanda yao ya nyumbani ilikuwa imekwisha kuliwa na redio kaseti muda mrefu, na kituo cha misheni nacho kilifunga chumba cha kurekodi. Kwa hiyo mtoto alikua bila kuikumbuka sauti ya baba yake.

Mimi niliajiriwa katika mgodi mkubwa upande wa Geita, kwenye kitengo cha mawasiliano. Kazi yangu ilikuwa spika za tahadhari, zile zinazowaambia wafanyakazi waondoke kabla ya baruti kulipuliwa. Meneja wa Usalama alikuwa mtu wa Mbeya, mfupi, asiyependa maelezo marefu. Siku moja ya majaribio, wafanyakazi wa upande wa mashine za kusaga mawe hawakuelewa tangazo hata neno moja.

"Ongeza sauti," akaniamuru.

"Nikiongeza, Meneja, itakuwa kelele juu ya kelele. Naomba nizipunguze, nizisogeze karibu na watu, ziwe nyingi."

"Unataka kupunguza sauti ya tahadhari?"

"Ndiyo, Meneja."

Akavaa kofia yake ngumu, akaenda mwenyewe kusimama kwenye mashine. Nilipotangaza kwa mpangilio mpya, nilimwona kwa mbali ameinua mkono. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena kuhusu spika, ila kila Krismasi alinitumia salamu akiniita "mama wa sauti ndogo".

Mkataba wangu wa mgodini ulipokwisha nilifungua karakana yangu Katoro, barabara ya kwenda Ushirombo, jirani na wauza vyuma vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Hapo nilikuta kazi ambayo Fundi Mkuu hakuiota. Muziki ulikuwa umehama kutoka kwenye kanda na sidii, ukawa unatoka mtandaoni moja kwa moja, kupitia simu, ukiingia kwenye stirio za sebuleni. Watu walikuwa na sabufa kubwa kama kabati na bado wananiambia, "Fundi, sauti haina ladha."

Nakumbuka mchimbaji mmoja aliyebahatika, akanunua spika nne, akazipanga zote juu ya kabati moja la vyombo, zinatazama ukuta.

"Mama, nataka zilie mpaka bati lisogee," akasema.

Nilimwomba anipe asubuhi moja. Kwanza nilichukua simu yake nikaingia kwenye mipangilio ya ile programu ya muziki. Aliiweka kwenye ubora wa chini kabisa ili kubana bando, na ubora wa chini maana yake muziki umekandamizwa, na vile vidogovidogo vimetupwa njiani: mlio wa matoazi unaofifia, pumzi ya mwimbaji kabla ya neno. Nikaupandisha, nikamfundisha kupakua nyimbo anazozipenda pale mtandao unapokuwa mzuri, azipige baadaye bila kukatikakatika. Nikazima vikorombwezo vya kuongeza besi ndani ya simu, kwa sababu ampulifaya yake nayo ilikuwa inaongeza, na besi ikiongezwa mara mbili inageuka tope. Simu nikaipandisha sauti karibu na mwisho, ampulifaya nikaishusha. Wengi hufanya kinyume, wakakuza na mvumo wa waya.

Halafu nikashusha spika mbili kutoka kabatini, nikaziweka urefu wa masikio ya mtu aliyekaa, zimeachana kama vile kochi lilivyoachana nazo. Mbili nyingine nikazichomoa. Sabufa nikaitoa kwenye kona, maana kona huivimbisha besi. Nikakagua waya za spika, nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi pande zote mbili, kwa sababu upande mmoja ukigeuzwa spika zinavutana, moja ikisukuma nyingine inavuta. Mwisho nikamwambia mkewe atandike zulia na kushusha mapazia mazito. Nyumba ile ilikuwa na vigae sakafuni na vioo kila mahali, sauti ilikuwa inadunda kama mpira.

Yule bwana akakaa, akasikiliza wimbo alioupiga kila siku kwa miaka miwili.

"Kumbe hapa kuna kinanda!" akapiga kelele. "Mama Kwangu, njoo usikie, kuna mtu anapiga kinanda!"

Nilizoea furaha za namna hiyo. Nikawa mtu wa kuulizwa. Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mama Limi naye alikuwa Katoro. Alikuwa na duka la mabuti, tochi za kichwani na sepetu. Tulisalimiana vizuri, tulizikana, lakini habari za bendi hatukuzizungumza, kwa kuwa niliona zinamchoma. Siku moja alikuja karakana, akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa nimeinamia saketi, pasi ya kulehemu mkononi, na wateja wawili wakisubiri.

"Fundi, samahani. Sauti ya mtu inaweza kutolewa kwenye wimbo, muziki ukabaki?"

"Inaweza. Siku hizi kuna programu za kufanya hivyo."

"Na yule anayeweka wimbo mtandaoni, anaweza kufanya?"

"Akitaka."

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. Akaondoka.

Sikuinua hata kichwa.

Ulipita mwaka karibu mzima. Akaja tena, safari hii na uso wa shughuli. Limi, ambaye sasa ni mwalimu Shinyanga, alikuwa anaolewa. Ng'ombe wa mahari wangeletwa Jumamosi, na mama alitaka wageni wakaribishwe na kwaya nzuri kutoka kwenye simu yake.

"Redio ikilia ni safi," akaniambia. "Nikichomeka simu, kwaya inalia kama watu walio kisimani. Nikasema labda muziki wa mtandaoni ndivyo ulivyo."

Nilikwenda Jumapili iliyotangulia, baada ya ibada. Limi alikuja kunipokea mkoba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

Alitabasamu kidogo tu, si kama binti anayesubiri harusi. Baadaye nilielewa. Ng'ombe wake walipaswa kupokelewa na baba yake mdogo, Kashinje, aliyekuwa akiishi Runzewe, kwa niaba ya marehemu. Mama yake alikuwa amekataa. Alisema wangepokelewa na kaka yake yeye, na Kashinje asikanyage.

Nilianza kazi kama kawaida. Waya za spika zilikuwa sawa, nyekundu kwa nyekundu. Redio ililia vizuri, kwa hiyo ampulifaya na spika zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa upande wa simu. Nilipiga kwaya. Waitikiaji walisikika pembeni, kiongozi wao hakusikika, na besi hakuna kabisa. Spika ya simu yenyewe ilikuwa imekufa kwa vumbi la dukani, kwa hiyo sikuweza kulinganisha.

"Nipe wimbo ninaoujua vizuri," nikasema, zaidi nikijisemea.

Limi akamtazama mama yake, kisha akasema taratibu, "Upo wimbo wa baba."

"Huo hauna baba," Mama Limi akajibu, na sauti yake ikabadilika.

Ndipo nikasikia yote. Kashinje alikuwa ameipata kanda mama, ile ya kwanza kabisa, kwenye sanduku la mpiga ngoma wao aliyefariki, akawapa watu wa mjini wauweke wimbo mtandaoni. Akampigia shemeji yake kwa furaha. Mama Limi akachomeka simu kwenye stirio, akamwita Limi akae karibu, akabonyeza. Magita yakalia, ngoma zikalia. Mumewe hakuwamo.

"Nikampigia," akasema. "Akaniambia, 'Mbona mimi namsikia?' Nikaona ananicheka. Zamani hizo alitaka yeye ndiye aimbe, kila mtu anajua. Nikamkatia simu, nikamkataza Limi asiusikilize tena popote. Halafu nikaja kwako, Fundi, nikakuuliza kama inawezekana."

Niliweka bisibisi chini.

"Hebu nipigie," nikamwambia.

Ilikuwa vile vile alivyosema. Gita la Kashinje, gita la pili, ngoma. Lakini nyuma kabisa kulikuwa na kitu. Nilisogea mpaka sikio likagusa kitambaa cha spika. Ulikuwa mwangwi, mtu akiimba nyuma ya ukuta, maneno hayashikiki. Nilikaa sakafuni. Lilikuwa ghala langu, zile kuta za kinu zikirudisha sauti ya Maduhu, na Maduhu mwenyewe hayupo. Na besi nayo haipo. Nikajiuliza, mtu akitaka kumfuta kaka yake, amfute na mpiga besi kwa nini? Hao wawili walikuwa na kitu kimoja tu cha kuwaunganisha. Mimi ndiye niliyewaweka katikati.

Nikashika waya unaotoka kwenye simu kwenda kwenye ampulifaya, nikaukunja polepole pale shingoni mwa pini.

"...Limi," spika zikasema, kwa sauti ya mwanamume, wazi kabisa. Kisha kimya tena.

Mama Limi alisimama.

Waya ule una njia tatu: ya kushoto, ya kulia, na ya tatu ya kurudishia umeme, ambayo zote mbili huitumia. Ya tatu ikikatika ndani ya mpira, nje huoni kitu, lakini kushoto na kulia zinabaki zikipingana zenyewe kwa zenyewe. Chochote kilicho sawasawa pande zote mbili kinajifuta. Kinachobaki ni vile vilivyokaa pembeni. Wimbo ulikuwa mzima mtandaoni muda wote huo. Maduhu alikuwa anafika mpaka kwenye ile pini, anaishia pale.

Nilikuwa na waya mpya kwenye mkoba. Nikachomeka, nikapandisha ubora wa sauti kwenye mipangilio, nikaurudisha wimbo mwanzo, nikasogea pembeni.

Alipoanza kuimba, Limi aliweka mkono mdomoni. Alikuwa na miaka thelathini na zaidi na hakukumbuka kuwahi kumsikia. Alitazama nafasi tupu kati ya zile spika mbili, pale hasa nilipomweka baba yake kabla yeye hajajua kukaa. Mama yake alikwenda jikoni, akazima jiko, akarudi, akakaa chini karibu na miguu ya bintiye. Maduhu alipofika kwenye "Mama Limi", aliitikia. Aliitikia kabisa, "Abee," kama mtu aliyeitwa kutoka uani.

Wimbo ukaisha. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema.

"Mama Limi, ulipokuja karakana nilikujibu bila kusikiliza. Nilikupa sababu ya kumchukia mtu."

"Nilikuuliza kama inawezekana," akasema. "Ukaniambia inawezekana. Hukuniuliza kwa nini nauliza."

"Sikukuuliza."

Alifuta uso kwa kitenge, akachukua simu, akaiweka sikioni. Tuliisikia sauti ya Kashinje kwa sababu alikuwa anazungumza kwa nguvu, kama wazee wote.

"Shemeji, nimemsikia," Mama Limi akasema.

Kashinje akakohoa kwanza.

"Umemsikia leo? Nilikuambia yumo."

"Uliniambia."

"Ukanikatia simu."

"Nilikukatia. Ulikuwa waya, shemeji. Nisamehe."

Limi akainama kuangalia kama simu imekatika.

"Ng'ombe wa mtoto wanaletwa lini?"

"Jumamosi."

"Nitaangalia," Kashinje akasema.

Alifika Ijumaa mchana kwa basi, amevaa koti, mkongojo mkononi. Mama Limi alimpokea begi mwenyewe. Limi alipiga goti kumwamkia, naye akamshika kichwa. Kisha akaniona mimi, nikipanga waya za spika uani.

"Fundi Nkwimba."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Alikaa kwenye kiti akanitazama. "Shemeji alikuwa na uchungu, namwelewa. Wewe ulikuwa na nini?"

Niliinamia waya zangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka, na niliona aibu kuutamka.

Jumamosi Kashinje alipokea ng'ombe, akatania wakwe, akakataa ndama mmoja kwa makusudi ili mazungumzo yanoge. Stirio ililia vizuri. Mimi hakuniambia neno tena mpaka siku ya kuondoka, alipopita karakana na kuweka juu ya meza yangu boksi la bati lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani kulikuwa na kanda mama.

"Wale watu wa mjini waliunakili ovyo ovyo," akasema. "Kama unataka tupatane, kaa nao."

Nilikaa nao wiki tatu. Nilimtafuta fundi mwenzangu Mwanza mwenye mashine ya zamani ya kusomea kanda ile, nikasafisha kichwa cha mashine kwa spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe, nikarekebisha mwendo wake, nikanakili kwa ubora wa juu kuliko wote. Mvumo wa kanda niliuacha kidogo, kwa sababu nilipouondoa wote, pumzi za Maduhu ziliondoka nao. Wimbo wa awali ukatolewa mtandaoni, ukawekwa huu. Kashinje alinipigia usiku uleule alipousikia. Hakunishukuru wala kunisamehe kwa maneno. Alinieleza jinsi siku ile ya kurekodi uzi wa tatu wa gita lake ulivyokuwa umelegea, na kwamba kwa miaka yote aliomba mtu asigundue.

"Niligundua siku hiyo hiyo," nikamwambia.

Akacheka. Tukazungumza mpaka bando lake likaisha.

Hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kubwa. Nilifunga karakana, nikarudi Shinyanga, nikajenga vyumba vitatu na baraza. Nazikumbuka karakana zote nilizopita, na wakati mwingine nikisikia harufu ya kitu kinachoungua jikoni nadhani ni lehemu, nanyanyuka. Masikio yangu yamepungua upande wa juu. Ndege wale wadogo wa asubuhi nawaona wakifungua midomo tu. Sihuzuniki sana. Nilisikia vya kutosha wakati wake, na vingine nilivisikia kabla ya watu wengine wote.

Vijana wa ufundi mnajua mengi ambayo sisi hatukuyajua. Mna mita za kupimia kila kitu, mna video za kujifunzia, na sauti inayotoka mtandaoni leo ni safi kuliko chochote tulichowahi kunasa kwenye ghala. Sina la kuwaongezea kwenye hayo. Bado watu wananipigia simu, wengine kutoka mbali, Kahama, Bukombe. Wananiambia, "Mama, spika zangu haziko sawa. Unadhani tatizo ni nini?"

"Sijui," nawajibu. "Mnakaa wapi?"

Kisha natafuta viatu vyangu.